Kompyuta Iliyokwenda Ukweni

Jumatatu, 11 Agosti 1997

Shule zimefungwa. Nimepita kwa Abeid pale Kaloleni nikahesabu vichwa. Ishirini na saba! Wote foleni, wote wana shilingi mkononi, wote wanangoja kucheza gemu kwenye televisheni yake yenye rangi ya homa ya manjano. Abeid huyu nilikaa naye dawati moja hadi darasa la saba, na hesabu alikuwa ananakili kwangu. Sasa anakaa juu ya stuli, anatafuna njugu, anapokea pesa. Akaniuliza, mbele ya watoto, kama bado ninapiga taipu barua za watu. Nikamjibu kwamba niko katika mambo ya kompyuta. Akacheka hadi njugu ikampalia. Angalau hilo lilinifurahisha.

Nimeamua. Nitaunda kompyuta ya gemu, mimi mwenyewe, kipande kwa kipande. Tena ndogo! Abeid hawezi kuhamisha duka lake. Mimi nitawafuata wateja waliko. Na wateja wa nchi hii ya ziwa wako wapi? Matangani! Vijana mia mbili, siku nne, chai ya bure, jenereta ya disko inanguruma mchana kutwa, na hakuna kazi isipokuwa kungoja maziko. Mchezo mmoja shilingi tano. Kila mmoja akicheza mara kumi na mbili, nina elfu kumi na mbili. Kisumu nzima hakuna aliyewahi kuliwaza hili.

Mtaji uko ndani ya kopo la kakao. Elfu kumi na mbili kamili. Ni kweli kwamba hiyo ni ayie, pesa ya mama mkwe kusema amekubali. Ni kweli pia kwamba Dorca ameniambia mama yake ananingoja Usenge Jumamosi tarehe 23, saa nane mchana, na nisipofika na ayie mkononi nisijisumbue kufika tena. Miaka minne ya maneno inatosha, kasema. Sawa. Lakini pesa iliyolala kwenye kopo haizai. Nitaiazima kidogo na kuirudisha kabla haijajua imetoka.

Jumanne, 12 Agosti

Kibuye, kwa Yahya, fundi wa redio. Mzee anayejua kila kitu chenye waya. Nikamweleza mpango. Akaniambia nianze na kasha. Kwanza kasha, ndipo ujue ni vipande gani vitaingia, vitapumua vipi, vitapata umeme kiasi gani. Nikamuuliza ni nani hununua kabati kabla ya nguo. Akasema ni mtu mwenye nguo nyingi na chumba kidogo.

Akaniandikia orodha nyuma ya pakiti ya sigara: kasha, pawa saplai, feni, memori, diski ngumu, skrini, na mwisho kabisa prosesa. Nimeigeuza pakiti juu chini. Sasa imekaa sawa.

Jumatano, 13 Agosti

Maseno. Mhadhiri mmoja anauza vyombo vyake vya zamani. Alikuwa na mbao mbili za ndani ya kompyuta, kila moja na prosesa yake: ya kasi thelathini na tatu, na ya kasi sitini na sita. Ile ya kwanza nusu bei. Mtu mwaminifu kweli, maana alinieleza mwenyewe kwamba kwa gemu za magari ya watoto hiyo ya thelathini na tatu inatosha, na pesa inayobaki ninunulie memori.

Sitini na sita! Abeid akisikia sitini na sita atalazwa. Nimelipa elfu saba bila kupepesa macho. Mhadhiri alipokuwa ananifungia ubao katika gazeti akaniuliza nitauweka ndani ya nini. Kila mtu ananiuliza habari za kasha. Sijui ni ugonjwa gani umeingia.

Ijumaa, 15 Agosti

Kibuye tena. Yahya anasema memori isipungue megabaiti nane. Nimechukua nne, kwa sababu nyingine nne zimegeuka kuwa kadi ya sauti. Akaniuliza kama vijana watakuja kucheza au kusikiliza. Nikamwambia gari lisilonguruma ni picha ya gari tu.

Skrini nimeipata kwa bei ya mchicha. Ilikuwa kwenye mashine ya keshia wa duka lililofungwa. Ndogo, inaingia kwapani. Haina rangi, lakini msibani nani anataka rangi? Feni nimeiacha. Feni ni anasa. Kisumu tuna upepo wa ziwa, Mungu ametupa bure. Yahya akasema upepo wa ziwa hauingii ndani ya sanduku. Mtu asiye na imani. Ndiyo maana amekalia stuli ileile tangu nikiwa nanyonya.

Abeid alipita wakati nimebeba skrini. Akauliza kama nafungua supamaketi.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimevitandaza vipande vyote juu ya kitanda na kuviunganisha kwa kufuata mchoro wa Yahya. Nikawasha. Inafanya kazi! Gari la kijivu juu ya barabara ya kijivu kati ya miti ya kijivu, na mngurumo mpaka jirani yangu Milka akaja kuuliza ni nani anawasha lori chumbani. Nilitokwa na machozi, sitaficha. Nilijiona nimekaa mbele ya mama yake Dorca na kopo limejaa hadi juu.

Baada ya robo saa prosesa iliweza kupika yai. Nikafungua dirisha, nikaipepea kwa kitabu cha nyimbo. Hilo litarekebishwa.

Limebaki kasha. Na shilingi mia nne. Kasha la dukani ni elfu mbili, tena kubwa, linahitaji mkokoteni. Nimejaribu kreti ya soda, nimejaribu sufuria ya ugali ya Milka, akaja kuichukua.

Jumatatu, 18 Agosti

Ushindi!

Nimekwenda kwa Waliaula, seremala. Karakana yake iko katika ule mstari wa maseremala karibu na hospitali. Zamani walitengeneza vitanda na meza pale. Siku hizi wote wanatengeneza kitu kimoja tu, na kazi haiishi. Waliaula ana miaka kumi hajaunda kiti. Nikampa vipimo: urefu futi mbili na nusu, upana moja, kina moja. Akaacha randa. Akaniangalia. Akasema hicho ninachosema kiko tayari nyuma.

Kiko tayari! Mninga safi, vanishi mara mbili, vishikio vya shaba pande zote mbili, ndani kitambaa cheupe chenye pamba. Juu ya kifuniko kuna kidirisha cha kioo, pa kuuonea uso. Kiliagizwa mwezi wa tano kwa ajili ya mtoto, na mtoto, Mungu asifiwe, akapona. Anakimbia, kasema Waliaula, anaiba maembe ya watu. Ila sanduku limebaki, na hakuna mzazi anayelitaka, kwa kuwa linaitwa sanduku linalongoja. Hata yeye akiligusa anasema pole kwanza. Ananiuzia kwa mia tatu.

Nimepima skrini kwenye kidirisha kwa kamba. Inaingia kama ilizaliwa humo!

Waliaula, kwa sababu ni mtu mzuri, akanionya. Kwao na kwetu, akasema, sanduku la aina hii likiingia katika boma haliondoki hivihivi. Nikamwambia mimi ni mtu wa kisasa. Akaondoa kofia akanisaidia kulibeba.

Jumanne, 19 Agosti

Nimefunga kila kitu ndani. Pamba inashika ubao vizuri, hautikisiki. Nilitaka kung'oa msalaba kwenye kifuniko lakini umepigwa misumari kwa ndani, na msalaba haujawahi kumdhuru mtu. Yahya nilimwita aje aone. Akafika mlangoni, akaona, akasema yeye ataonea hapohapo nje. Nikamweleza hesabu yangu: vijana mia mbili, mara kumi na mbili, shilingi tano. Akauliza mchezo mmoja unachukua dakika ngapi. Sikuipenda sauti yake.

Alhamisi, 21 Agosti

Mungu hafungi milango yote. Usenge kuna matanga! Mzee mmoja mwenye mitumbwi ya kuvulia omena, dagaa wa ziwani, amefariki, maziko ni Jumamosi, na jenereta imeshafika. Usenge kulekule kwa kina Dorca! Naondoka kesho asubuhi, nachezesha kesho na keshokutwa hadi saa saba, saa nane natokea kwa mama mkwe na ayie mara mbili. Nimempigia simu bosi wa ofisi ninakopiga taipu kwamba ninaumwa. Akaniambia hata nikiwa mzima haoni tofauti.

Ijumaa, 22 Agosti (naandika Jumamosi, jana sikuweza)

Nilifika stendi saa mbili na sanduku begani. Watu wakanipisha! Mimi, ambaye hata kuku hawanipishi. Makanga wakazima redio. Polisi aliyekuwa akipekua mizigo alivua kofia. Nikawaza: kwa mia tatu nimenunua kasha, ulinzi na heshima. Kasha la elfu mbili lingenipa nini?

Lori la wanunuzi wa omena lilikuwa linarudi Usenge na magunia matupu. Juu yake wanawake kumi na wawili, na kiongozi wao Nasipwondi, mama mwenye sauti ya kwaya nzima. Alipoona sanduku akapiga kofi ubavuni mwa lori likasimama. Nauli hawakutaka. Walinikalisha juu ya magunia, wakalipakata sanduku kwa zamu, na wakaimba kutoka Kisumu mpaka Bondo. Sikusema uongo. Sikusema kitu. Niliinamisha kichwa tu, na hapo shingo ilikuwa inaniuma kweli.

Bondo wakachanga. Leso ikazunguka, ikanirudia na shilingi mia sita na arobaini. Nikaipokea. Kukataa rambirambi ni kuwavunjia watu heshima, na mimi sikulelewa hivyo.

Ndipo Nasipwondi akauliza boma gani. Nilitaka kutaja la yule mzee wa mitumbwi, lakini yeye mwenyewe alikuwa anakwenda kwenye matanga hayo na alijua marehemu ni mmoja. Nikasema wanishushe sokoni. Lori zima likaguna. Mtu na mzigo kama huo haachwi sokoni kama gunia la mkaa! Boma gani, mwanangu? Usenge yote ninajua jina moja, la baba yake Dorca. Nikalitaja.

“Oduor mwalimu? Yule aliyestaafu?” Nasipwondi akashika kichwa. “Uwi! Mzee wa watu! Dereva, kata kulia!”

Nilijaribu kusema. Naapa nilijaribu. Lakini walikuwa wameshaanza kulia, wanawake kumi na wawili, na kilio cha namna ile hakina mlango wa kuingilia.

Mama yake Dorca alikuwa uani anapepeta wimbi la uji wa wageni wa kesho. Mgeni mwenyewe ni mimi. Akainua macho akamwona mkwe wake mtarajiwa, siku moja mapema, anashushwa kwenye lori na jeneza la mtoto na kilio juu. Nasipwondi akamkumbatia akamwambia, “Pole mama, tumewaletea mtoto wenu.”

Mama akaniangalia mimi. Akaliangalia sanduku. Kisha akageuka polepole akamwangalia Dorca, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na unga mikononi.

Yawa! Kila mtu pale uani alikuwa anahesabu miezi.

Mzee Oduor akatoka na miwani yake. Akamuuliza Dorca, kwa Kiingereza, ni lini. Mwalimu mstaafu akianza Kiingereza ujue mambo yameharibika. Dorca akaapa kwa jina la Mungu na la babu yake. Hapo nyanya yake, bibi kizee asiyeona mbali, alikuwa amelifikia sanduku. Akainama kwenye kidirisha amwage chozi lake. Skrini imezima, kioo cheusi. Akaona uso wa bibi kizee unamwangalia kutoka ndani ya jeneza. Alianguka bila hata kupiga kelele.

Ndipo nikapaza sauti. Nikasema ni kompyuta! Ni ya gemu! Ina kasi ya sitini na sita!

Nikafungua kifuniko. Wakachungulia nyaya. Bibi kizee alikuwa amezinduka, akauliza wamemtoa wapi huyo mwanamke. Nasipwondi alinyoosha mkono, nikairudisha mia sita na arobaini, akaihesabu, akasema bado nauli. Nikatoa na nauli. Walipoondoka hakuna aliyeimba.

Jumamosi, 23 Agosti

Wazee watano walikaa na kesi tangu alfajiri. Nilidhani watanitoza faini. Kumbe kesi haikunihusu mimi. Ilihusu sanduku. Limepita langoni, limepigiwa kilio, limemwangusha mwenye boma mzee kuliko wote. Haliwezi kutoka hivihivi, litarudi kutafuta wa kulijaza. Maneno yaleyale ya Waliaula! Nikasema basi wazike sanduku, mimi nibaki na mashine. Wakasema hapo litakuwa tupu, na hilo ndilo baya zaidi. Nikasema tutie mgomba ndani badala ya maiti. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama nataka kukichezea shere kifo nyumbani kwa watu. Mwingine akamaliza: jana watu walilia juu ya nini? Kilicholiliwa ndicho kinachozikwa.

Nilichimba mwenyewe, nyuma ya ua. Udongo wa Usenge ni mgumu. Mzee Oduor alifunga tai. Katekista alipita akielekea kwenye maziko makubwa, akaombwa asome mistari miwili. Kisha wakaniambia marehemu hazikwi bila kusemwa. Nikasimama kando ya shimo nikasema alikuwa wa kasi sitini na sita, megabaiti nne, na sauti nzuri sana. Watu wakaitikia amina. Nilijaribu kuchomoa kadi ya sauti wakati wa kufunga kifuniko, lakini bibi kizee, asiyeona mbali, anaona karibu.

Saa nane kamili nilikuwa nimekaa mbele ya mama yake Dorca. Kwa wakati! Uji wa wimbi ulikuwepo, sahani zilikuwepo, shangazi watatu walikuwepo. Mama akauliza ayie iko wapi.

Nikaonyesha nyuma ya ua.

Mama aliinuka akaingia jikoni. Dorca akanisindikiza mpaka langoni na macho yake yalikuwa mekundu. Nilitaka udongo ule unimeze mimi pia. Akaniambia kwamba amewaomba wazazi wake mpaka sauti ikamkauka, na wamekubali mara moja tu, ya mwisho: Jumamosi tarehe 20 Desemba. Ayie mkononi. Na mkono wa pili, akasema, uwe mtupu kabisa, Ogola, hata mwavuli usibebe.

Nampenda yule msichana. Nimeapa mbele ya lango lile.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimerudi mjini. Habari zilifika kabla yangu. Abeid amekuja kunipa pole na kilo moja ya sukari, kama inavyotakiwa, akakaa, akatazama chini kwa muda wa heshima. Kisha akauliza kama marehemu aliacha kadi ya sauti.

Bosi amenipa advansi kwa huruma, anadhani nilifiwa kweli. Sikumsahihisha. Yote nimeiweka kwenye kopo la kakao na kulifunga kwa gundi. Hii ni ya Dorca. Haiguswi.

Baada ya hapo nimekaa kitandani nikapima makosa yangu moja kwa moja bila kujipendelea. Mtu asipojifunza ni mnyama. Nimeona kwamba Yahya alikuwa sahihi tangu mwanzo: kasha ndilo la kwanza. Langu lilikuwa dogo mno. Hapakuwa na nafasi ya feni, hapakuwa na nafasi ya memori ya pili, skrini ilibanwa. Ndipo mambo yote yalipoharibikia.

Mhadhiri wa Maseno bado ana ile ya kasi thelathini na tatu, nusu bei. Desemba iko mbali. Na Krismasi matanga huwa mengi.

Gundi ilikuwa bado mbichi, kopo likafunguka kwa urahisi. Nimekwenda kwa Waliaula jioni hii hii kumuuliza kama kuna mtu mzima yeyote aliyepona.